Kabla Lipu Haijapigwa: Vidokezo 7 vya Umeme wa Chumba Kipya

Umeongeza chumba uani, tofali zimefika juu na fundi wa lipu anakuharakisha. Mwambie asubiri. Soketi utakayoisahau leo, kesho utailipia kwa nyundo, tindo na rangi mpya.

1. Panga vyombo kwanza. Chukua chaki, chora ukutani kitanda kitakapokaa, kabati, meza na runinga. Soketi iliyoangukia nyuma ya kabati ni hela iliyozikwa.

2. Usifanye ubahili wa soketi. Weka za pacha, kila upande wa kitanda na kwenye meza. Ukizibana, utaishia kwenye eksitensheni moja iliyobeba pasi, jagi na friji, na hapo ndipo plagi zinapoanza kunuka moto.

3. Swichi ikae upande wa kitasa. Mlango ukifunguka usiifunike. Urefu wa kama mita 1.2 unatosha. Ukiweza, taa iwe na swichi mbili, ya mlangoni na ya kitandani, usiamke gizani kuizima.

4. Waya ulingane na mzigo. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi wa 2.5. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24. Ipe waya wake wa 6 na breka yake. Kiyoyozi nacho kiwe na njia yake.

5. Anzia kwenye bodi ya breka. Fundi akitaka kuunga chumba kizima kwenye soketi ya chumba cha zamani, kataa. Waya ule ulipimiwa mzigo wa chumba kimoja.

6. Jilinde na wewe. Breka ya ampea 20 hulinda waya. Mkondo unaoua mtu ni mdogo mno kuishtua. Hakikisha ethi imefika kwenye fimbo iliyozama ardhini, na ufunge kikata umeme unaovuja cha miliampea 30. Kina kitufe cha majaribio: kibonyeze mara kwa mara, umeme ukatike.

7. Piga picha kila ukuta. Paipu zikishalazwa, weka futi kamba ukutani ionekane kwenye picha. Siku ya kutundika pazia utajua pa kutoboa. Hapohapo laza paipu moja tupu, ya intaneti au kamera za baadaye.

Kupanga ni kazi yako. Kuunga waya mwachie fundi. Tanzania Bara, leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe yake kabla hujampa hela ya kununulia waya.