Mahali Bahari Mbili Zinapokutana: Ziara ya Mdomo wa Tana

Aya ya 53 ya Sura ya Al-Furqan husomwa misikitini mwetu kila Ramadhani, na maana yake yajulikana: Mwenyezi Mungu ndiye aliyezikutanisha bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, akatia kizuizi baina yake. Lakini tukiulizwa ni wapi katika nchi yetu ishara hii huonekana kwa macho, ni wachache watakaojibu. Kwa sababu hii darasa letu lilikusudia kwenda Kipini, ambako mto wa Tana huingia katika Ghuba ya Ungwana, tukaisome aya hii mahali pake.

Yafaa kwanza kuueleza mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kupita yote ya Kenya, wapata kilomita 1,000, na chimbuko lake ni milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Ukisha kupita Garsen nchi huwa tambarare, mto ukapoteza haraka yake, ukagawanyika vijito, maziwa na mabwawa. Hata mdomo wake umehama. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto wa Ozi. Tana ukaifuata njia hiyo, na leo maji yake mengi hutokea Kipini. Mwaka 2012 delta hii, yaani nchi yote ya mdomo wa mto, iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima, kwa eneo la hektari 163,600.

Kipini watu huonyeshwa kaburi linalosemwa kuwa ni la Fumo Liyongo. Wako wanaokuja kwa hilo tu, wakarudi bila ya kuutazama mto.

Sisi tulipanda mtumbwi baada ya sala ya alfajiri, mwezi 15, siku ya bamvua. Karibu na bahari ni mikoko na michu, mizizi yake imesimama matopeni. Tulipozidi kwenda juu tuliona misikundazi mikubwa, mti waliokuwa wakiupenda mafundi wa majahazi kwa milingoti. Nao hupenda maji yaliyopungua chumvi, basi ukiuona ujue mto wazidi kuwa mtamu. Mamba walikuwa wamelala mchangani vinywa wazi, na viboko wametoa masikio na pua tu. Juu ya miti na katika nyasi walikuwako yangeyange, kwarara, mwari na furukombe. Mmoja wetu alianza kuwahesabu, akaacha. Katika aya ya 38 ya Sura ya Al-An'am tumejulishwa kwamba wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Aliye mjini, asiyeona ila kunguru na paka, huipita aya hiyo upesi. Pale mtoni hatukuweza kuipita.

Wako watu wa pwani wanaoamini hirizi ya kumfunga mamba kinywa. Twasema wazi kwamba hirizi hiyo haimzuii mamba. Humzuia mtu kuogopa tu. Mwenye kuitegemea huingia maji pale asipoingia mwenye hofu, naye ndiye aliwaye.

Sasa twaja katika somo lenyewe. Wakulima wa Ozi wana elimu ambayo sisi watu wa mji hatukuwa nayo. Bamvua ikijaa, bahari huusukuma mto nyuma, maji matamu yakapanda kingo. Hapo wakulima hufungua mifereji yao, mpunga ukanywa. Maji yakianza kutoka huziba. Bahari ya chumvi ndiyo inyweshayo mashamba kwa maji matamu! Hufanyika hivyo kwa kuwa mto una nguvu ya kuirudisha bahari, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, hupita chini, na matamu huelea juu. Hatusemi kwamba tumeijua siri yote ya kizuizi kilichotajwa katika Qur'ani. Twasema tu kwamba tumeona namna moja ya kusimama kwake.

Na tumeona pia mahali kinapolegea. Baina ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme katika Tana ya juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Maji mengi yanywewayo Nairobi nayo hutoka katika vijito vya mto huu. Hatulaumu umeme wala kunywa maji. Sisi wenyewe twawasha taa. Lakini mafuriko mawili ya kila mwaka yaliyokuwa yakileta rutuba yamepungua nguvu, na mto ukidhoofika bahari hupanda. Huko Ozi chumvi imeingia mashambani, na mashamba ya mpunga yameachwa. Kwa udhu maji yote mawili ni tohara, bali mpunga hauna ruhusa hiyo.

Haya si ya mimea peke yake. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) amewafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Katika delta mkulima ataka ukingo wa mto kwa shamba lake, na mfugaji ataka kuufikia ukingo huo huo kwa ng'ombe wake, khasa wakati wa kiangazi. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 Wapokomo na Waorma walipigana, wakauawa watu zaidi ya 100, wakiwamo wanawake na watoto. Misikitini mwetu twawaombea wafu hao, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza maji yalikuwa wapi mwaka ule?

Atakaye kwenda aende siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, aone maji yanavyopanda. Asioge ukingoni jioni, asiwatupie viboko mawe, na amlipe mwenye mtumbwi haki yake bila ya kumvuta shilingi. Wala asirudi bila ya kununua mchele wa Ozi, ukiwapo.