Kuonyesha Mabadilishano ya Molekuli kwa Mchezo wa Darasani

Mwanachuo huenda akauliza kwa nini tumsumbue na olefini, ilhali watoto wa shule ya msingi hawafundishwi jina hilo. Sababu yetu ni kwamba zinampima mwalimu kama aweza kubuni mfano ulio kweli, si wa kupendeza tu.

Olefini ni molekuli yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Katika metathesisi, olefini mbili hubadilishana nusu zao. Mfaransa Yves Chauvin alieleza namna yake mwaka 1971. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Robert Grubbs na Richard Schrock wa Marekani.

Watoto wasimame wawili wawili, wameshikana mikono yote miwili. Jozi moja iwe kichocheo: mtoto mmoja ni metali, mwenzake kaboni. Ikikutana na jozi nyingine, kila mtoto huachia mkono mmoja, na wote wanne hufanya duara. Kisha kila mmoja humwacha mwenzi wa zamani akamshika jirani mpya kwa mikono miwili. Hapo awali tulimweka metali pembeni atoe amri kama refa. Watoto walifurahi, nasi tukawa tumewafundisha uongo, kwani kichocheo huingia mchezoni.

Olefini za aina mbili zikichanganywa katika kimiminiko, nyingi hushikana na za aina yake, na kuzitenga ni kazi. Hapa hutumika njia aliyoianzisha Bruce Merrifield mwaka 1963 kwa kuunda peptidi: aina moja hufungwa kwenye punje za polistireni. Katika kila jozi ya aina hiyo, mtoto mmoja aketi, madawati yakiwa mbalimbali. Jozi za aina ya pili zisimame, tena ziwe nyingi. Wenzi walioachwa wakikutana hufanya etileni, ambayo ni gesi, nao watoke mlangoni. Mwishoni, kila asiyemshika aliyeketi hutolewa nje. Ndivyo punje zinavyooshwa.

Mfano huu una ufa. Dawati halisogei, bali punje huvimba katika kiyeyusho na minyororo yake hujongea. Olefini zikisongamana humo, hata zilizofungwa hushikana zenyewe kwa zenyewe. Mwalimu na ayasogeze madawati mawili karibu, aulize kitakachotokea, kisha anyamaze.