Kidonda kina fundi wake: usimharibie kazi

Jiwe likikuchana muundi shimoni, au beleshi likiteleza likakukata mguu, usikimbilie dawa. Tafuta maji. Wengi wetu hapa Likasi hufungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga hugandamana na damu, huficha kidonda, na udongo unabaki chini pale pale.

Kandamiza kwanza kwa kitambaa safi, dakika kumi nzima, bila kuchungulia. Damu ikikatika, nawa mikono kwa sabuni, kisha osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji yanayofaa kunywa yanafaa pia kuoshea kidonda. Jaza chupa safi ya plastiki, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, binya ili maji yaruke kwa nguvu, na usiache hadi usione tena chembe ya udongo. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni. Spiriti na maji ya javeli visiguse nyama: huua vijidudu, lakini huua pia chembe hai zinazokuja kujenga.

Na wajenzi hao wapo kweli, na huenda wana kinachowaita. Mwaka 1973 Mmarekani Loren Pickart alitenga kutoka kwenye damu ya binadamu kipande kidogo sana cha protini, peptidi ya asidi amino tatu tu: glisini, histidini na lisini. Kwa kifupi huitwa GHK. Kinapenda sana kushikana na shaba, madini yale yale yaliyoujenga mji wetu tangu ulipoitwa Jadotville. Kijana wa miaka 20 ana takriban mikrogramu 200 za peptidi hiyo katika kila lita ya majimaji ya damu yake. Akifika 60 hushuka hadi 80 hivi.

Mfuatano huo wa asidi tatu umo pia ndani ya kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi. Nyama ikijeruhiwa, nyuzi hukatwakatwa na vimeng'enya, na vipande vya namna hiyo huweza kuachiliwa papo hapo. Katika majaribio ya maabara na ya wanyama, GHK yenye shaba imeonekana kuita chembe zinazojenga, kuzichochea zitengeneze kolajeni mpya, na kusaidia mishipa midogo ya damu ichipue kuelekea kwenye jeraha. Bila mishipa hiyo hakuna oksijeni wala chakula kinachofika, na kidonda hakifungi.

Mishipa hiyo unaweza kuiona kwa macho. Baada ya siku kadhaa, chini ya kidonda kinachopona hutokea nyama nyekundu yenye vijichembe, inayong'aa, inayotoa damu ukiigusa kidogo tu. Watu huitazama wakadhani kidonda kimeharibika, wakaisugua. Usiisugue. Uwekundu huo ni mishipa michanga. Ndiyo maana shashi iliyokaukia kidondani haivutwi: ukiivuta unaing'oa mishipa yote iliyochipua usiku. Ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa, subiri ilegee, kisha itoe polepole. Kabla ya kufunga upya kidonda kidogo kilicho safi, paka vaselini safi kidogo ili kisikauke. Ule ushauri wa kukianika juani kikauke haufai, hata kama aliyeutoa ni mzee unayemheshimu.

Sasa, kwa kuwa nimetaja shaba, nikuonye. Usisage malakiti, lile jiwe la shaba, wala usipake vumbi la madini kwenye kidonda. Shaba ya mwilini hupimwa kwa chembe ndogo mno na hubebwa na protini. Ya mawe huja na kobalti na uchafu mwingine, na upande wa Shinkolobwe huja na urani. Sulfati ya shaba nayo huunguza nyama. Krimu za peptidi ya shaba zinazouzwa ghali ni za urembo zaidi. Ushahidi kwa vidonda vya binadamu bado ni mdogo. Sindano za peptidi hiyo, kwa maoni yangu, ni kutupa pesa na kujitia hatarini.

Shaba unayohitaji iko kwenye sahani. Ini linayo nyingi, na karanga na maharage pia. Bukari (ugali) tupu haijengi nyama. Iwe na sombe ya karanga, au dagaa, na baada yake pera au chungwa, kwa sababu kolajeni haisukwi sawasawa bila vitamini C. Sigara acha walau hadi kidonda kifunge: inabana mishipa ile ile unayoingoja.

Kidonda kirefu, chenye uchafu usiotoka, au cha msumari uliozama, kipeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukaulizie chanjo ya pepopunda. Mwenye kisukari asijitibu nyumbani hata kama mchubuko ni mdogo. Na ukiona usaha, harufu, homa, au mstari mwekundu unaopanda mguuni, nenda kituoni sasa hivi, hata kama ni usiku.