Wosia: Andika Mapema, Iepushie Familia Mvutano

Wengi wetu huogopa kuandika wosia kwa kudhani ni kujitabiria kifo. Matokeo yake yanajulikana: hatimiliki ya shamba bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wanalima, lakini hawawezi kuliuza, kuligawa kisheria wala kulitumia kama dhamana ya mkopo hadi kesi ya urithi ikamilike mahakamani.

Sheria ya Urithi (Sura ya 160) inamruhusu kila aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu kuandika wosia. Si lazima uwe tajiri, wala si lazima umlipe wakili.

Namna ya kuandika
1. Orodhesha mali yako: shamba na nambari yake, mifugo, akiba ya benki na hisa za sacco. Taja pia madeni.
2. Eleza nani atapata nini, kisha mteue msimamizi unayemwamini.
3. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi mbele yako. Chagua watu wasiorithi chochote katika wosia huo.

Wosia wa mdomo nao hukubalika ukitamkwa mbele ya mashahidi wawili, lakini hauna nguvu ikiwa aliyeutoa ataishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuutamka. Maandishi ni salama zaidi.

Mambo ya kuzingatia
Usimwache nje mke, mume au mtoto. Mahakama inaweza kumpa fungu hata kama wosia haukumtaja. Ukifunga ndoa baadaye, wosia wa awali hubatilika, isipokuwa uliuandika ukitarajia ndoa hiyo. Unaweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa hai.

Pasipo wosia
Sheria ndiyo hugawa. Watoto wa kike wana haki sawa na wa kiume, wawe wameolewa au la. Familia huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha huwasilisha ombi mahakamani. Kuuza mali ya marehemu kabla ya idhini ya mahakama ni kosa la jinai.

Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inaweza kusikiliza kesi hizo.

Ukishaandika, hifadhi wosia mahali salama na umjulishe msimamizi ulipo. Wosia usiojulikana ulipo hauwezi kumsaidia mrithi.