Kutoka Mstari hadi Mraba: Uhawilishaji wa Ramani za Mlima Meru kwa Modeli ya Maji ya Chini ya Ardhi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili hatua moja ya utafiti wa maji ya chini ya ardhi ambayo aghalabu hupitiwa haraka, nayo ni uhawilishaji wa data za ramani kutoka umbo la nukta, mistari na maeneo yenye mipaka hadi jedwali la miraba. Umbo la kwanza huitwa vekta. Kwa kuwa neno hilo tayari lina kazi nyingine katika hisabati na fizikia, hapa tutasema data za mchoro. Jedwali lina safumlalo na safuwima. Neno "safu" peke yake halitoshi, kwani halibainishi mwelekeo. Kitenzi "kugeuza," kinachotumiwa mara kwa mara kwa kazi hii, kina kasoro kubwa zaidi: hudokeza kwamba kitu ni kilekile, kimebadili vazi tu. Hoja yetu ni kwamba kila uhawilishaji ni uamuzi, na katika miteremko ya Meru uamuzi huo waweza kuifuta chemchemi.

2.0 Mlima na Maji Yake

Meru ni volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Jiji la Arusha liko kusini-magharibi yake, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Chemchemi na visima virefu ndivyo vinavyolilisha jiji kwa sehemu kubwa, na mito kama Themi na Naura hulipitia ikielekea bonde la Pangani. Tatizo ni fluoridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ilhali maeneo kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanajulikana kwa maji yanayokipita kikomo hicho, na athari zake huonekana katika meno na mifupa ya wakazi. Hivyo basi modeli hutakiwa ijibu maswali mazito: maji huingia ardhini wapi, hupita katika miamba ipi, na hutokea wapi?

MODFLOW, programu iliyotolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani katika miaka ya 1980, husoma majibu ya awali ya maswali hayo kutoka kwenye majedwali ya namba. Toleo la 6, la mwaka 2017, linaruhusu pia maumbo yasiyo miraba, lakini kazi ya kugawa data haiepukiki.

3.0 Maamuzi Yenyewe

Kwanza ni rejea ya vipimo. Ramani za zamani za Tanzania zilitegemea rejea ya Arc 1960, ilhali vipokezi vya setilaiti hutumia WGS 84. Kwa Arusha tofauti ni takriban mita 300, kaskazini-kusini. Kwa miraba ya mita 100, kisima kitahama safumlalo tatu bila ya kompyuta kulalamika.

Maeneo ya miamba hupewa namba za aina. Namba hizo ni majina; wastani wa mwamba wa 2 na mwamba wa 4 si mwamba wa 3. Mraba waweza kupewa aina iliyo kitovuni mwake au iliyotawala eneo lake, lakini kwa kanuni zote mbili ulimi mwembamba wa lava hukatika vipande au hutoweka, na pamoja nao njia ya maji. Wala kupunguza miraba si dawa siku zote. Katika ramani ya 1:125,000, mstari wa nusu milimita hufunika zaidi ya mita 60 za ardhi. Miraba ya mita 20 huongeza namba tu, haiongezi maarifa.

Mito hudai uangalifu zaidi. Tuchukulie mto wenye upana wa mita 6, unaopita mita 410 ndani ya mraba wa mita 250. Unene wa tope la kitandani ni mita 0.5, na upitishaji wake wa maji ni mita 0.1 kwa siku. Uwezo wa kupitisha maji kati ya mto na ardhi ni 0.1 × 410 × 6 ÷ 0.5, yaani mita mraba 492 kwa siku. Mtafiti akiupaka mraba mzima rangi ya mto, atapata 12,500, mara 25 zaidi. Modeli itakunywa mto wa Themi wote, naye atatafuta kosa kwenye mvua.

Chemchemi ndiyo nukta ngumu kuliko zote. Kutoka kileleni hadi jijini ardhi hushuka zaidi ya mita 3,000 katika kilometa 16 hivi, yaani karibu mita 100 kwa kila mraba wa mita 500. Modeli huitoa chemchemi pale tu maji ya chini yanapozidi mwinuko wake. Ikipewa mwinuko wa wastani wa mraba, chemchemi iliyo ukingoni mwa chini itapandishwa makumi ya mita, nayo itakauka kwenye karatasi ilhali akina mama wanaendelea kuteka. Mwinuko wake sharti utoke kwenye nukta yenyewe.

4.0 Uhakiki

MODFLOW huhesabu safumlalo kuanzia kaskazini. Viwianishi vya ramani huongezeka kuelekea kaskazini. Jedwali likipinduliwa, Meru itakuwa kusini ya Arusha, na kosa litaonekana mara moja. Katika uwanda usio na mlima laweza kudumu miezi. Kwa hiyo tunapendekeza jedwali lichorwe upya juu ya ramani kabla ya hesabu yoyote, na urefu wa mito katika miraba yote ujumlishwe: usipolingana na urefu wa mistari ya awali, kuna kipande cha mto kilichopotea njiani.