Kubadili Vipimo vya Mtiririko wa Maji: Mwongozo kwa Mafundi na Wasimamizi wa Pampu

Mtiririko ni ujazo unaopita katika muda fulani. Tarakimu isiyotaja ujazo na muda wake haifai kuingia katika daftari la mtambo, iwe Musoma, Bunda au Butiama.

Tanzania hutumia mfumo wa metriki, lakini vibao vya baadhi ya pampu huandikwa galoni kwa dakika. Hapo huzaliwa kosa kubwa, kwa sababu galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785. Galoni 100 kwa dakika ni mita za ujazo 27.3 kwa saa kwa kipimo cha Uingereza, na 22.7 tu kwa cha Marekani. Pampu ikifanya kazi saa 10, tofauti hiyo ni zaidi ya ndoo 2,200 za lita 20. Asili ya galoni ithibitishwe katika kitabu cha mtengenezaji kabla ya hesabu yoyote.

Ili kupata mita za ujazo kwa saa, galoni za Uingereza kwa dakika huzidishwa kwa 0.2728, na za Marekani kwa 0.2271. Lita moja kwa sekunde ni mita za ujazo 3.6 kwa saa. Futi moja ya ujazo kwa sekunde ni lita 28.32 kwa sekunde. Tarakimu zikadiriwe mwishoni, si katikati ya hesabu.

Muda nao uangaliwe. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, mkoani Mara, ulisanifiwa kwa lita milioni 35 kwa siku. Pampu zikifanya kazi saa 24 kwa siku, hizo ni mita za ujazo 1,458 kwa saa. Zikifanya kazi saa 20, ni 1,750.

Jibu la karatasini lipimwe bombani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 16, mtiririko ni lita 1.25 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 4.5 kwa saa. Kipimo kirudiwe mara tatu na wastani uandikwe.

Mwananchi anayelipia maji ana haki ya kupata kiasi alichoahidiwa. Kwa hiyo daftari lionyeshe tarakimu ya awali, aina ya galoni, kizidishio, jibu, tarehe na saini, ili fundi wa zamu inayofuata aweze kuirudia hesabu na kufikia jibu lile lile.