SOMO: KABLA YA KUUZA NG'OMBE

Mtoto akitamani koleji ya Marekani tusikimbilie harambee wala kuuza ng'ombe. Tujifunze kwanza.

Berea College ya Kentucky, iliyoanzishwa 1855, haitozi karo ya masomo. Kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki. Chakula na malazi ni hesabu nyingine. Wanaoomba ni wengi, nafasi chache.

Tukumbuke:

1. Tuombe nafasi na msaada wa fedha pamoja, mapema.
2. Tuandike mapato ya kweli: maziwa, kibarua, hata madeni.
3. Anayedai "chai" ili nafasi ipatikane, tumwepuke.

Tujadiliane: Mama asiyejua kusoma, nani kati yetu atakaa naye wajaze fomu?